Anti, mdogo wangu aliuliza chakula makaburini: Desemba hii nimuache mjini?

Shikamoo anti. Naomba jina langu usiliweke maana Moshi yetu hii ni ndogo, mtu akisoma mistari miwili tu anajua ni nyumba ya nani.

Mi nina miaka 34, nauza mitumba Memorial, naishi Majengo na mama pamoja na mdogo wangu wa kiume, ana miaka 27. Huyu mdogo wangu alianza kuumwa akiwa chuo mwaka wa pili, akawa anasikia watu wanamsema na hakuna mtu, akaziba dirisha la hosteli kwa magazeti, tukazunguka nae kwenye maombi karibu mwaka mzima (sisemi maombi ni mabaya, hata sasa nasali) mwisho ndo tukafika hospitali wakatuambia ni skizofrenia. Huu ni mwaka wa tatu yuko kwenye dawa, anameza mwenyewe bila kukumbushwa, zile sauti anasema hazipo, usiku analala. Daktari anasema anaendelea vizuri. Basi mi nikajua yameisha, nikamchukua awe ananisaidia kibandani.

Anti, hayajaisha. Yaani amekuwa kama mtu aliyekuja juzi duniani, hajui watu wanaishije. Mfano kuna mama kaja, kashika blauzi, anaigeuza huku na huku, anamwambia "kaka, hii blauzi nzuri ila ina kadoa hapa." We hapo si unajua anataka nini? Mdogo wangu akaiangalia, akamjibu "ni kweli, ina doa," akaendelea kukunja nguo. Mama wa watu akasonya akahamia kibanda cha jirani. Siku hiyo nilimfokea mpaka jirani akazima redio asikilize, yeye ananiangalia tu, uso hauna kitu, kama naongea na ukuta.

Nyumbani nako mama akicheka kwenye simu anatoka chumbani anauliza "mama unanicheka nini?" Mama anaapa alikuwa anaongea na mtu wa kwaya, haamini. Sa hivi mimi na mama tukiwa na mambo yetu tunanong'ona jikoni au tunasubiri alale.

Ila lililoniumiza ni msiba. Mwezi wa sita alifariki baba mdogo, ndo aliyetulea baada ya baba kuondoka, na ndo aliyemfundisha huyu kijana baiskeli. Tukapanda Kibosho kuzika. Watu wamejaa migombani, padri anasoma, jeneza ndo linashuka, vilio kila kona, mdogo wangu akamgeukia baba mkubwa akamuuliza kwa sauti ya kawaida kabisa "chakula kinatoka saa ngapi?" Siku nzima hakudondosha chozi hata moja. Kweli alibeba viti na maturubai tangu saa kumi na moja alfajiri lakini wengine nao walibeba. Ukoo ukaanza, huyu hana utu, wengine oh karogwa upya. Na tangu siku ile anavaa kofia ya sufu ya marehemu, kila siku, jua lote la Memorial yeye na kofia ya sufu, mama anasema ugonjwa unarudi.

Nikaingia intaneti nikakuta utafiti unasema watu wenye skizofrenia wana upungufu wa kutambua hisia na mawazo ya wenzao, nililia anti. Ina maana yeye hatupendi? Hana hisia na sisi? Na Desemba ndo hiyo, watu wa Dar wote wanapanda, baba mkubwa ameshasema "yule muacheni huko huko mjini asituharibie Krismasi." Mama kanyamaza, na mama akinyamaza ameshakubali. Mimi sijajibu. Nimuache?

Dada mtu, Moshi

*

Marahaba mwanangu, na poleni sana na msiba.

Nimesoma barua yako nikiwa nalisha kuku zangu hapa Sakina, nikafika pale kwenye kofia nikakaa chini kabisa kwenye ndoo. Umeandika hana hisia, alafu mistari michache tu kabla ya hapo umeandika anavaa kofia ya sufu ya marehemu kwenye jua la Memorial. Mwanangu, huyo analia. Ndo kilio chake hicho. Mama amemuona mgonjwa, mi nimeona kijana aliyefiwa na mtu aliyemshikia baiskeli kwa nyuma. Msimvue hiyo kofia, mkitaka mfulieni akilala.

Hili la uso usio na kitu nimeishi nalo, nimefanya unesi mpaka nimestaafu na baadhi ya miaka hiyo nilikuwa wodi ya wagonjwa wa akili, na hata sisi manesi tulikuwa tunadanganyika. Miaka ya 1990 kuna mwanasaikolojia wa Marekani anaitwa Ann Kring, yeye na wenzake waliwawekea wagonjwa wa skizofrenia vipande vya filamu, vya kuchekesha na vya kuhuzunisha, huku wanawarekodi sura. Sura zao zilicheza kidogo kuliko za watu wasioumwa. Lakini walipoulizwa ndani wamejisikiaje, hawakuwa wamejisikia kidogo kuliko wale wengine. Utafiti huo ulitoka 1993, na tangu hapo wengine wamerudia wakakuta kitu kile kile. Kwa hiyo siku unamfokea mbele ya jirani na yeye anakuangalia tu, usidhani haikuingia. Iliingia yote, ila haikutokea usoni.

Tena kuna jambo la dawa. Baadhi ya hizi dawa za zamani, haloperidol na wenzake, na ile sindano ya mwezi, zinaweza kukaza misuli mpaka mtu anakuwa na uso wa mbao, anatembea mikono haichezi, mate yanamtoka. Sijui anatumia ipi. Mkienda kliniki mwambieni daktari kwa maneno hayo hayo, "uso wake umekaza, anatembea hivi," aangalie kama kuna la kurekebisha. Ila msipunguze wenyewe nyumbani, nakuomba, nimeona mwisho wake mara nyingi mno.

Sasa huo utafiti wako wa intaneti. Haukudanganyi, ila umeusoma na machozi. Kinachosemwa humo wataalamu wanakiita utambuzi wa kijamii, mi nakiita kusoma watu. Kumjua mtu kwa sura na sauti yake kwamba amekasirika au anatania, kukisia anawaza nini, kujua hapa tulipo mambo yanaendaje, na jambo likikutokea kujua limetoka wapi, ni mimi au ni fulani au ni bahati mbaya tu. Ni kweli wengi wenye skizofrenia, wakipimwa, haya yanawapa shida kuliko watu wengine, na dawa zinazozima sauti hazigusi sana upande huu, ndo maana daktari anakwambia anaendelea vizuri na wewe huku kibandani unaona vumbi tu. Wote wawili mnasema kweli.

Waingereza fulani, Corcoran, Mercer na Frith, mwaka 1995 walitunga kipimo cha hadithi fupi 10, kila moja mtu anaomba kitu bila kukiomba. Mojawapo mtu anafika ofisini kwa mwenzake baada ya safari ndefu ya gari na joto, anasema tu jamani safari ilikuwa ndefu na kuna joto. Unaulizwa, huyu anataka nini? Anataka kinywaji, ndo jibu. Wagonjwa wengi walikwama hapo. Nilivyosoma blauzi yako nilicheka peke yangu, samahani, maana huyo mama wa doa amefanya kipimo kile kile bila maabara. Na sisi tunaishi humo! Mtu wa Kilimanjaro hakwambii naondoka, anasema "naona giza linaingia." Mama mkwe hakwambii kateke maji, anasema "hii ndoo leo imeshinda tupu." Mtu akitaka kukutukana anakuvalia kanga. Mtu ambaye mafumbo hayamfikii, huku kwetu anaonekana kiburi au mjinga au hana utu, wakati yeye amesikia kila neno, ila lile lililokuwa chini ya neno ndo hakulipata. Hakukataa kumpunguzia mteja bei, hakujua ameombwa.

Na pale makaburini ni hivyo hivyo. Msiba una sheria mia ambazo hakuna aliyewahi kuziandika, lini unalia, lini unaruhusiwa kucheka (na watu wanacheka, tusidanganyane, wale wazee wa nyuma ya turubai wanapiga stori za mpira), lini unauliza pilau. Huyu kijana amebeba viti tangu saa kumi na moja, umeandika mwenyewe ukapita haraka. Alikuwa na njaa. Na nyie wote mlikuwa na njaa, tofauti ni kwamba nyie mlijua hilo swali linaulizwa jikoni kwa sauti ya chini baada ya udongo kufunikwa. Kubeba viti tangu alfajiri kwa ajili ya baba mdogo hakukuhesabiwa, sentensi moja ikahesabiwa. Hapo mi nilikasirika kidogo na ukoo wenu.

Kwamba jambo hili lina uzito maishani sio maneno yangu. Mwaka 2011 Anne-Kathrin Fett na wenzake walikusanya tafiti 52 wakaona huu uwezo wa kusoma watu unahusiana na jinsi mgonjwa anavyoishi na watu, marafiki, kazi, kujitegemea, kuliko hata kumbukumbu na umakini unavyohusiana. Lakini hizo ni hesabu za wastani wa watu wengi, sio picha ya mdogo wako, kuna wagonjwa wanaosoma watu kukuzidi wewe na mimi. Alafu vipimo vyenyewe tuwe navyo makini. Kuna kimoja maarufu sana, cha Cambridge kwa kina Baron-Cohen, toleo la 2001, unaonyeshwa picha 36 za macho tu, macho ya Wazungu yaliyokatwa kwenye magazeti, unachagua neno moja kati ya manne. Nimewahi kukijaribu. Mi na akili zangu timamu nilikwama kwenye Kiingereza chake kabla hata sijafika kwenye macho.

Turudi kwa mama na simu. Mwaka 1988 watafiti wa London walifanya kipimo cha shanga. Mitungi miwili, mmoja una shanga 85 za rangi moja na 15 za rangi nyingine, mwingine ni kinyume chake, unatolewa shanga moja moja ukisie zinatoka mtungi upi. Wagonjwa wenye imani za uongo, kama kudhani wanafuatiliwa, wengi waliamua haraka, shanga mbili tatu tayari wana jibu. Tafiti nyingine zinaonyesha mtu mwenye skizofrenia akikutana na macho yasiyoeleweka yanaangalia wapi, mara nyingi anaona yanamwangalia yeye. Sasa weka hapo kicheko cha mama nyuma ya mlango. Ni shanga moja, na ameshajibu.

Na hapa nitakusema mwanangu usinichukie. Kunong'ona jikoni ndo mnamwagia moto mafuta. Mtu ambaye ubongo wake ukikuta kitu hakieleweki unakimbilia kwamba anasemwa, na nyie mnamsema kweli! Acheni. Mna jambo la siri tokeni nje kabisa mkaongelee sokoni, na mkiwa ndani ongeeni kwa sauti hata kama ni umbea wa kwaya. Mama akimaliza kucheka amwambie kabla hajaulizwa, "nilikuwa nacheka na fulani, amekosea nyimbo kanisani." Na akiuliza unanicheka nini, asiape na asigombane, amuulize "umeona nini?" alafu "na umedhani nini?" Aone kwamba hivyo ni vitu viwili. Aliona mama anacheka, hicho kipo. Alidhani anachekwa, hicho bado kukaguliwa. Sijakibuni mimi, Marekani kuna mafunzo ya vikundi yaliyoanzishwa na kina David Penn kule North Carolina, na kazi kubwa wanayofundishwa ni hiyo, kutofautisha ulichoona na ulichokisia, na kwenda kuuliza kabla ya kukasirika. Mafunzo ya namna hii yamesaidia, hasa upande wa kutambua hisia kwenye nyuso, japo sio muujiza na yanataka kurudiarudia.

Kibandani vile vile. Acha mafumbo naye, mwambie wazi, "mteja akitaja doa au akisema pesa imepungua, anaomba punguzo, muulize una shilingi ngapi, usishuke chini ya elfu tatu." Mwandikie kwenye kikaratasi ubandike kwenye mbao. Anaweza kujifunza kama kanuni ya biashara hata kama hakuisikia yenyewe ikija. Na wewe ukiwa umekasirika usimwachie asome uso, sema "nimekasirika kwa sababu mteja ameondoka," kwa sauti hii hii ya kawaida, basi. Sauti kubwa sio tabia mbaya tu, ina madhara. London tena, 1972, Brown na wenzake waliwafuatilia wagonjwa waliorudi nyumbani kutoka hospitali, wale waliorudi kwenye nyumba za lawama, ukali au kuingiliwa kila kitu, 58 kwa mia walizidiwa tena ndani ya miezi tisa. Nyumba zilizotulia ilikuwa 16 kwa mia. Haimaanishi nyie ndo mmemuumiza, huu ugonjwa hauletwi na mama wala dada, ila nyumba inaweza kuwa sehemu ya dawa. Ndo maana hospitali za Muhimbili na Mbeya kulifanyika jaribio linaloitwa KUPAA, Kuwezeshana Kupata Uzima, mgonjwa na ndugu yake wanakaa darasa moja, sio mgonjwa peke yake. Kwa hapo Moshi anza na kliniki ya afya ya akili, hospitali ya Mawenzi au KCMC, na siku ya kliniki ingia nae ndani, usikae benchi la nje na simu.

Haya, Desemba. Hapana, usimuache. Ukimuacha peke yake Majengo siku ambayo mji mzima umehama, umempa sababu ya kweli ya kuamini anatengwa, na safari hii hatakuwa amekosea kusoma.

Ila usimpandishe kichwa kichwa. Wiki moja kabla kaa nae umsimulie siku itakavyokwenda kama unasimulia filamu, tunapanda haisi saa fulani, tutakuta watu kama arobaini, watakuuliza unafanya kazi gani na utaoa lini (maana watauliza, Wachaga tunajuana), ukiulizwa jibu hivi. Chakula kinaweza kuchelewa mpaka saa tisa, kwa hiyo mle kabla hamjatoka nyumbani. Mpe kazi ya mikono, kuni, maji, kumshika mbuzi, asikae kwenye duara la wazee kuangaliwa. Mkubaliane ishara, ukimgusa bega maana yake twende tukatembee kidogo. Mbege na bia aache, na mwambie sababu mapema asije kuona ananyimwa mbele za watu. Dawa iwe kwenye mkoba wako. Na mgeuke siku hiyo hiyo, Kibosho sio Dar, jioni mko mjini mnaoga. Ukiona kabla ya hapo ameanza kukosa usingizi, anaruka dawa au anarudi kwenye mambo ya kuziba madirisha, safari isubiri, nenda kliniki kwanza.

Mkifika, kabla ya kusalimia mtu yeyote, mpeleke kaburini kwa baba mdogo, nyie wawili tu na hiyo kofia. Usimwambie alie. Simama nae, akitaka kukaa mkae, akiuliza chakula mjibu saa.

Baba mkubwa mpigie wewe, usimtume mama. Usianze na tafiti zangu za London, hatazisikia. Anza na viti. Mwambie "baba, unakumbuka nani alishusha viti vyote siku ile kabla hamjaamka?" alafu unyamaze, umwache ajibu mwenyewe, yeye mafumbo anayapata vizuri. Ila piga kabla ya tarehe 20, wakishafika watu wa Dar na masanduku yao ya bia simu haitapokelewa.